Coaster ya kulala kwenda Mafia kwa pantoni: vipimo, maji na mpangilio wa siku 7

KempaYaTemeke:
Wakuu, habari za leo. Nahitaji ushauri wa wanaoijua njia ya Nyamisati, bandari ya kuvukia kwenda Mafia, na magari marefu.

Gari ni Coaster ndefu, injini 1HZ, dizeli, tairi za nyuma mbili mbili. Viti vimetolewa, ndani kuna vitanda vinne, jiko la gesi la plate mbili na mtungi wa kilo 15, friji ya volti 12, tanki la maji la lita 100 limening'inizwa chini nyuma ya ekseli, paneli moja ya sola ya wati 200 juu na betri ya lithiamu ya Ah 100. Tutakuwa watu wanne. Mpango ni kutoka Dar, kuvuka na gari kwenda Mafia, kukaa siku 7, na ikiwezekana kuunganisha Unguja na Pemba humo humo.

Maswali: (1) mwezi gani ni mzuri kuvuka, (2) gari refu hivi linaingiaje kwenye pantoni bila kukwaruza mkia, (3) umeme na maji vitatosha, (4) kuna kitu gani ambacho watu husahau? Naomba namba, sio "utafika tu mkuu, usijali".

Bamvua:
Karibu mkuu. Naanza na maji, maana hapo ndipo safari nyingi za Nyamisati zinapoharibika, na wengi wanaangalia kalenda ya kazini badala ya kuangalia mwezi.

Nyamisati iko ndani ya mkondo wa mikoko wa delta ya Rufiji, sio ufukwe wa wazi. Maji yakipwa, mkondo unapungua kina, kwa hiyo muda wa kuondoka hufuata maji. Ukiambiwa "saa mbili asubuhi", piga simu tena siku moja kabla. Kila siku maji husogea mbele kwa kama dakika 50, kwa hiyo ratiba ya Jumatatu sio ratiba ya Alhamisi.

Wakati wa bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hufika mita 3.5 na zaidi. Maji mafu, siku ya saba au ya nane baada ya hapo, tofauti inashuka hadi kama mita 1. Kwa Dar, siku za bamvua maji hujaa saa kumi na kitu, alfajiri na jioni, na kupwa saa nne na kitu. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Jedwali la Dar lichukue kama dira tu. Ndani ya mkondo kuna kuchelewa kidogo.

Hii inakuhusu kwa sababu ya mlango wa pantoni. Maji hayashuki kwa kasi moja. Saa ya kwanza ya kupwa yanashuka kidogo, saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia: kila moja hubeba karibu robo ya tofauti nzima. Kwenye bamvua hiyo ni kama sentimita 90 ndani ya saa moja. Maji mafu, sentimita 25. Gari lenye mkia mrefu lisafiri kwenye maji mafu, mlango hautageuka ghafla wakati wewe bado uko kwenye foleni.

Mwezi wa safari: Oktoba na Novemba, upepo wa kusi umekwisha na kaskazi bado haijashika, au Januari na Februari ukivumilia joto. Bonasi ya Oktoba hadi Machi ni papa potwe karibu na Kilindoni, mji wa Mafia unakoshukia. Juni hadi Agosti kusi inavuma. MV Skagit ilizama Julai 2012 kati ya Dar na Unguja, na hakuna mwenye haja ya kukumbushwa zaidi. Aprili na Mei acha kabisa: barabara ya vumbi inageuka matope, na kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Angalia utabiri wa TMA wa baharini siku tatu mfululizo kabla ya kutoka. Wakitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ahirisha hata kama tiketi unayo mkononi.

FundiShasi:
Swali la mkia lina jibu la hesabu, sio la uzoefu. Chukua futi kamba.

Pima mambo mawili, gari likiwa limejaa mizigo na limesimama pa tambarare: kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi kitu kilicho chini kabisa huko nyuma, na urefu wa kitu hicho kutoka ardhini. Gawa urefu kwa umbali. Coaster ndefu ina karibu mita 7 na kati ya ekseli mbili ni mita 3.9 na kitu, kwa hiyo nyuma ya ekseli unabeba karibu mita 1.9. Bampa likiwa sentimita 40 kutoka chini: 40 kwa 190 ni 0.21, yaani nyuzi 12. Mlango wa pantoni wa mita 5 ukishuka mita 1 unatoa nyuzi 11 na nusu. Umeona ilivyobana? Na hapo sijagusa tanki lako.

Pale penye kona ya ndani, ambapo mlango unakutana na sitaha au na gati, ndipo mkia unapogusa. Kabla ya Mafia nenda kivuko cha Magogoni, Dar, mchana, saa watu wameshapungua, vuka Kigamboni na urudi kwa Daraja la Nyerere. Ukisikia chuma kinalia Magogoni, Nyamisati kitalia kwa sauti kubwa zaidi.

Mengine kwa kifupi. Uzito: gari linaloanzia tani 3.5 linapaswa kupita mizani barabarani, na Coaster yenye vitanda na maji iko juu ya hapo. Lipime kabla ya safari, ekseli kwa ekseli. Kadi ya gari isomeke kama gari lilivyo. Kadi ikisema viti 29 na ndani kuna vitanda, trafiki ana haki ya kukusimamisha, na ofisini pantoni wanakutoza kwa kundi la gari linaloonekana kwenye karatasi. Mabadiliko yakaguliwe kisha yaandikwe TRA.

Ndani ya pantoni: abiria wote washuke kabla, dereva peke yake anaingia. Handibreki, gia namba moja, kabari za mbao mbele na nyuma ya tairi moja. Beba mikanda minne ya kubana mizigo yenye upana wa milimita 50, usitegemee kamba za mabaharia. Funga kwenye shasi au ndoano za kuvutia gari, kamwe sio kwenye bampa. Ukipitisha mkanda juu ya ekseli ya nyuma, chungulia kwanza: bomba la breki limelala juu ya nyumba ya difu. Mkanda ukilibana na gari likatikisika kwa muda wa saa nne, utashuka Kilindoni huna breki za nyuma.

MtuWaKibiti:
Nakazia barabara. Mbagala Rangi Tatu, Kongowe, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu, halafu Bungu ndipo unakata kushoto. Kutoka Bungu hadi Nyamisati ni kama kilomita 40. Jumla kutoka mjini weka 160. Hiyo 40 ya mwisho usiipangie chini ya saa moja na nusu kwa Coaster. Foleni ya Mbagala hadi Kongowe sitaki hata kuizungumzia, toka saa kumi alfajiri.

Jaza tanki Mkuranga. Coaster ya 1HZ yenye mizigo inakula lita 1 kwa kilomita 6 au 7. Kwenda na kurudi 320, weka 200 za kuzunguka kisiwani, jumla 520, yaani lita 87 kwa hesabu mbaya. Tanki la lita 95 linatosha bila madumu. Dumu la dizeli ndani ya gari la kulala, juu ya pantoni yenye abiria, usilete. Kilindoni sheli ipo, ila bei ni ya kisiwani.

Nafasi ya gari weka mapema, siku kadhaa. MV Kilindoni, pantoni ya serikali chini ya TEMESA, nafasi za magari ni chache, na malori ya bidhaa za madukani nayo yanazitaka. Ukienda kuuliza peleka urefu na uzito wa gari, usiseme tu "Coaster", maana wanafikiria ile fupi. Na panga kulala usiku mmoja Nyamisati. Ni mikoko, mbu wa pale hawana utani. Wavu wa dirisha wenye kitundu cha kidole haufai kitu.

Rivasi_tu:
Ushauri mfupi: ingia rivasi. Mkia unaanza, pua inabaki nje, hakuna kukwaruza. Ukifika unatoka kwa pua moja kwa moja.

FundiShasi:
@Rivasi_tu hapana mkuu. Rivasi inasaidia kutoka haraka, na kwenye pantoni ya mlango mmoja mabaharia wanaweza kuitaka wenyewe. Ila mkia hausaidiki. Kona ya ndani ni ile ile, umbali wa ekseli hadi bampa ni ule ule. Kwa pua au kwa rivasi, bampa litapita juu ya kona hiyo wakati tairi za nyuma ziko karibu nayo. Kinachosaidia ni kuinua tairi za nyuma: mbao nne, mbili kila upande, urefu futi 4, upana inchi 10, unene inchi 2, ziwe chini ya tairi za nyuma wakati zinapita kwenye kona. Unapata sentimita 5. Tairi zako ni mbili mbili, hakikisha mbao zinazibeba zote mbili. Ukibeba moja tu, hiyo moja inaumia.

Usiingie mshazari pia. Watu wanashauri hivyo kwa magari madogo. Kwa bodi ndefu kama hiyo unaisokota shasi, na kioo cha mbele kinaweza kupasuka kwa sababu fremu yake inasogea.

MkaziWaMafia:
Salamu kutoka kisiwani. Nitajibu la umeme na maji, halafu pa kuegesha.

Umeme: friji ya wati 45 kwa joto letu inafanya kazi zaidi ya nusu ya muda, weka watisaa 600 kwa siku, yaani Ah 50. Feni mbili za wati 15 usiku kucha, Ah 22. Taa na simu, Ah 8. Jumla Ah 80 kwa siku. Paneli ya wati 200, kwa saa nne na nusu za jua zuri na upotevu wa robo, inarudisha Ah 55 hivi. Kila siku unadaiwa Ah 25; siku ya nne friji inazima na samaki wananuka. Ongeza paneli moja ya wati 100 na deni linaisha. Bila hivyo, kila baada ya siku mbili lipia umeme kwenye nyumba ya wageni. Na paneli ikiwa kivulini hesabu hizi zote ni bure.

Hapo kwenye kivuli nisimame kidogo. Mafia ni minazi. Mgeni anaona kivuli kizuri anaegesha. Nazi moja kutoka juu ya mnazi inatoboa paneli, na ikikosa paneli inabonyeza paa. Kama huwezi kuona anga moja kwa moja juu ya gari, sogeza gari. Mwembe na mkorosho havina shida hiyo ya nazi, ila kivuli kinabaki.

Maji: kunywa na kupika lita 5 kwa mtu, kuoga kwa kata lita 11, vyombo lita 10 kwa wote. Watu wanne, lita 74 kwa siku. Tanki lako ni la siku moja na kidogo. Visima vya karibu na ufukwe vina chumvichumvi, vinafaa kuogea tu. Ya kunywa yawe kwenye madumu ya lita 20 tofauti, manne, yafungwe sakafuni kati ya ekseli mbili. Kwenye pantoni tanki liwe tupu au limejaa kabisa. Nusu tanki maji yanapiga huku na huku na kung'oa vishikizo.

Barabara: Kilindoni hadi Utende ni lami, kilomita 14, na kabla ya Utende kuna lango la Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa 1995. Kuna ada kwa siku. Tunza risiti, utaulizwa tena. Kaskazini, Kilindoni hadi Bweni na Rasi Mkumbi, karibu kilomita 50, ni mchanga na mashimo. Coaster inavuta nyuma tu, kwa hiyo usishuke kwenye mchanga laini. Ukilazimika, punguza upepo wa tairi kutoka PSI 65 hadi 40, nenda gia ya pili bila kusimama, na uwe na pampu ya volti 12 ya kurudishia. Tairi ikianza kuchimba, acha mafuta hapo hapo. Kukanyaga zaidi kunashusha difu mchangani, na ukifika hapo unahitaji koleo na watu kumi.

Chole, Juani na Jibondo ni kwa boti tu. Acha gari Utende kwa mtu anayejulikana. Mapopo wakubwa wako Chole, magofu ya Kua yako Juani. Juani nenda maji yamejaa, vinginevyo unatembea matopeni na viatu mkononi.

Pa kulala: omba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji au egesha kwenye uwanja wa nyumba ya wageni kwa malipo. Usijiegeshee tu ufukweni. Maji ya choo yasimwagwe baharini, uliko ni hifadhi. Kama choo chako kinatumia dawa, usimimine kwenye shimo la watu bila kuwaambia, dawa inaua vijidudu vinavyoozesha shimo lao.

Mpemba_wa_Tandika:
Unguja na Pemba zitoe kwenye safari hii, ndugu yangu. Kutoka Mafia huna njia ya kuvusha gari kwenda Unguja. Utarudi Nyamisati, Dar, bandarini, ndipo upande meli inayobeba magari. Boti za Kilimanjaro, zile zinazovuka kwa muda wa saa mbili, ni za abiria. Gari linapanda Sealink. Siku 7 zitaishia kwenye foleni.

Ukiipanga peke yake, pita kwanza ofisi ya meli na forodha uulize karatasi za gari la Bara na muda linaoruhusiwa kukaa, kabla hujalipa chochote. Beba kadi halisi, sio nakala. Kulala ndani ya gari kijijini ni jambo la kumwendea sheha kwanza, mchana, umevaa vizuri. Mji Mkongwe gari hilo haliingii, egesha nje. Pemba njia ya Ngezi ina matawi ya chini, na Coaster yako ikiongezwa paneli inakaribia mita 2.7 kwenda juu.

KempaYaTemeke:
Nashukuru sana wakuu. Unguja nimeifuta. Nimepima leo jioni, tanki na madumu vimejaa. Bampa: sentimita 42 kutoka chini, mita 1.9 kutoka ekseli. Tanki la maji: sentimita 27 kutoka chini, ukingo wake wa nyuma uko mita 1.6 kutoka ekseli. Hiyo ni sawa na ngapi? Na gesi inakwendaje kwenye pantoni?

FundiShasi:
Bampa: 42 kwa 190, nyuzi 12 na nusu. Tanki: 27 kwa 160, nyuzi 9 na nusu. Kwa hiyo tanki ndilo litakalogusa, sio bampa. Kwa mlango wa mita 5, tanki linakuruhusu mshuko wa sentimita 83 tu. Ukiliondoa unafika mita 1.08. Sentimita 25 hizo ni sawa na saa nzima ya maji kushuka siku za maji mafu, kama alivyoeleza Bamvua.

Lihamishie kati ya ekseli mbili, upande ulio mbali na ekzosi. Fundi wa kuchomelea atengeneze fremu ya pembe ya milimita 40 na mikanda miwili ya bati yenye mpira chini. Asitoboe wala kuchomelea shasi yenyewe. Afunge kwa boliti kwenye matundu yaliyopo. Na betri ya lithiamu ichomolewe kabla hajawasha mashine.

Gesi: funga valvu, ondoa regyuleta kabisa, weka kifuniko, mtungi usimame wima na ufungwe, na umwambie msimamizi wa sitaha kabla hujaingia. Kwa siku 7 na watu wanne mtungi wa kilo 6 unatosha, wa 15 acha nyumbani.

Bamvua:
Nyongeza kwenye swali la nne, kinachosahaulika: chumvi. Povu la bahari linaruka juu ya sitaha saa zote hizo. Ukishuka Kilindoni, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, sio ukirudi Dar: springi, mabomba ya breki, pembe za shasi. Usipake oili chafu kabla ya safari kama wanavyoshauri gereji za mtaani, inakula mpira wa bushi na inadondokea hifadhini. Paka grisi kwenye vichwa vya betri na soketi za taa za nyuma, hizo ndizo zinazokufa kwanza.

KempaYaTemeke:
Tanki linahama Jumamosi. Magogoni Jumapili, saa nane mchana.

MtuWaKibiti:
Jumapili saa nane Magogoni ni watu wa fukwe za Kigamboni watupu. Nenda Jumanne.